Namna ya Kutumia Vema Parkingi ya Serikali: Mwongozo kwa Shefu Mpya

Hongera, Shefu. Dekreti imesomwa redioni, mashemeji ambao hawakukutafuta tangu siku ya harusi yako wamekumbuka namba yako, na jana umekabidhiwa ofisi. Uliandikiwa meza, viti vinne, muhuri pamoja na wino wake, na kabati ambalo ufunguo wake ulipotea enzi za mtangulizi wa mtangulizi wako. Ukatia saini. Kile kiwanja cha magari kilicho nje ya dirisha, chenye ukuta pande tatu na geti la chuma upande wa nne, hakikuandikwa popote. Nacho ndicho mali kubwa kuliko yote uliyopewa: kiko katikati ya mji, hatua chache kutoka sokoni, mahali ambapo mfanyabiashara angeuza shamba lake la kahawa ili apate kona moja tu.

Kuna mashefu waliostaafu bila kujua walichokuwa nacho. Waliwaachia watu wakaingia. Mwongozo huu umeandikwa ili nawe usije ukaingia kwenye orodha hiyo. Umeandaliwa kwa kuitazama miji miwili ya Burundi, Gitega na Muyinga, kwa sababu Gitega ilipewa cheo kabla haijapata nafasi, na Muyinga ilibaki na nafasi baada ya cheo kuhama. Ukiielewa miji hii, hata wakikuhamishia Ngozi au Rumonge utajua la kufanya siku ya kwanza.

Ijue ardhi uliyokalia

Gitega haikujengwa kwa ajili ya magari. Wajerumani walipopandisha makao yao kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1912, wakauita mji Kitega, walichohitaji ni boma, uwanja wa gwaride, na mahali pa wapagazi kutua mizigo. Wabelgiji waliofuata waliongeza ofisi zao, na mwaka 1955 likaja Jumba la Makumbusho. Kisha mji ukakaa kimya miaka mingi, ukiuza maharage na ndizi, ukiwatuma wageni wake wakaangalie ngoma za Gishora, jioni ukilala mapema.

Januari 2019 bunge likapitisha sheria: Gitega ni mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ni mji mkuu wa kiuchumi. Seneti ikapanda mlima. Barabara za mtaa wa Nyamugari zikabaki na upana wao uleule. Na kama vile mtu alikuwa anapanga vichekesho, mwezi uliofuata, Februari 2019, Wachina wakatukabidhi ikulu mpya ya Ntare Rushatsi, nzuri kabisa, iliyojengwa Bujumbura.

Ndiyo maana tunasafiri. Shefu analala chini, Bujumbura, anakutana na wenzake juu, Gitega. Asubuhi magari yanapanda kupitia Bugarama, kilomita mia moja hivi za kona na ukungu, na yakifika Gitega kila moja linataka mahali pa kukaa mpaka jioni. Jioni yanateremka, yanasimama Bugarama kuchukua kabichi na karoti, maana gari la serikali halirudi nyumbani mikono mitupu. Utaona, basi, kwamba kazi kubwa ya gari la serikali mjini Gitega ni kusimama. Kazi yako wewe ni kulisimamisha kwa heshima.

Pima kwa cheo

Mhandisi atakwambia gari moja huhitaji mita 2.5 kwa mita 5, na ukijumlisha njia ya kuingilia na mahali pa kugeuzia, ni kama mita 25 za mraba. Msikilize kwa adabu, mpe soda, kisha mwage. Hicho ni kipimo cha gari. Wewe unampima mwenye gari.

Nafasi ya kwanza ni yako, chini ya mti. Ya pili, ubavuni mwa yako, ibaki tupu siku zote ili mlango ufunguke wote. Mtu wa ngazi yako hatoki garini kwa kujipinda. Ya tatu ni ya naibu wako, juani. Ya nne ni ya mgeni wa heshima. Mgeni huyu ndiye nguzo ya mfumo mzima. Hana jina, hana tarehe ya kufika, na hakuna aliyewahi kumwona, ila nafasi yake ikiguswa utasikia sauti zikipanda mpaka ghorofa ya pili. Ya tano hadi ya kumi na mbili ni za msafara wake. Zinazosalia zitakuwa za dharura, na dharura, kama unavyojua, haitoi taarifa.

Ukifika hapo, kiwanja cha magari arobaini kimeshajaa, na ndani yake kuna magari mawili.

Neno kuhusu mti, kwa kuwa katika nyanda hizi mti wenyewe mara nyingi ni mparachichi. Msimu ukifika, parachichi la nusu kilo likidondoka kutoka juu likatua kwenye kioo cha mbele cha Prado, hakuna mstari wa bajeti utakaolipokea. Mashefu wenye uzoefu hawalisogezi gari wala hawaukati mti. Wanamwita kijana apande achume. Mkewe kijana anayapanga yale matunda juu ya gunia nje ya geti, matatu matatu, lililobonyea likiwa chini. Mtoza ushuru wa komini anapita na kitabu chake cha tiketi na kumtoza mama kwa kuuza mahali pasiporuhusiwa. Mti mmoja umeshalisha watu watatu na gari halijasogea hata shubiri. Kwa nini mama huyo asiuzie ndani, kwenye zile nafasi thelathini na nane, akalipa ushuru wake bila kukimbizwa? Maswali ya namna hiyo yana sehemu yake huko mbele. Vumilia.

Weka mipaka inayosomeka

Koni za plastiki zinapendeza lakini zina miguu. Ijumaa utakuwa nazo kumi, Jumatatu saba, na tatu utazikuta mwezi ujao zikipamba njia ya mtu mwingine. Jiwe lililopakwa chokaa ni la kuaminika zaidi, hakuna anayeliiba. Tairi la lori lililofukiwa nusu linafaa pia. Tawi la mkaratusi, ambalo barabarani humwambia dereva kwamba mbele kuna gari limeharibika, ukilitupa kwenye nafasi ya parkingi hutoa ujumbe unaokaribiana na huo.

Kibao kiandikwe Kifaransa. Kirundi kila mpita njia atakisoma na kukielewa, na hilo si lengo. Kiswahili ni hatari kupita kiasi, kwa sababu ndiyo lugha ya soko: mtu akisoma kibao cha Kiswahili atadhani umemfungulia mazungumzo ya bei. Kiingereza ni lugha rasmi tangu sheria ya 2014, kwa hiyo kiweke chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama rangi itabaki.

Umuzamu

Hapa twende polepole, maana ndipo parkingi inapoishi au kufa. Umuzamu, mlinzi wa geti lako, ana kiti kilichofungwa kwa kamba za mpira wa baiskeli, redio ndogo, filimbi, koti zito la baridi ya Gitega, na daftari la shule lililopigwa mistari kwa mkono: namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sababu. Safu ya sababu ndiyo pana kuliko zote. Ukiisoma utaona imeandikwa "kazi" kwa magari yenye kazi, na "anajulikana" kwa yaliyobaki.

Dereva wa teksi ya Probox anasimama getini. Amebeba watu tisa, kuku, na mama mwenye bahasha ya karatasi anazotakiwa kuzileta ofisini mwako, ndiyo, mwako, kabla hapajafungwa.

"Amahoro, mzee. Naomba nimshushe mama huyu ndani, dakika tano."

"Amahoro, kijana wangu. Parkingi imejaa."

"Imejaa vipi, mzee? Naona gari moja tu."

"Imejaa wanaokuja."

"Wanakuja saa ngapi?"

"Wangekuwa wameshasema, ningekuruhusu."

Mama anashukia barabarani, katikati ya baiskeli za abanyonzi, wabeba abiria, na mkokoteni wa saruji. Probox inaziba njia, Hiace nyuma yake inapiga honi, polisi wa usalama barabarani anatokea kama aliyekuwa ameitwa. Wewe ukiwa dirishani utasema mji huu hauna nidhamu. Ndivyo ipasavyo. Sema hivyo kwa kutikisa kichwa.

Sasa siri. Giza likiingia, umuzamu huyohuyo hufungua nusu ya geti. Wenye Probox wanaoogopa kuibiwa vioo usiku huingiza magari yao na kumwachia mzee hela ya Fanta. Usiku wa kawaida ni Fanta moja. Mkesha wa siku ya soko ni Fanta mbili. Jumamosi ya harusi, parkingi ya ukumbi ikijaa, ni Fanta na mshikaki. Mvua ikinyesha na mji ukiwa mtupu, bei inashuka na mara nyingine anasamehe. Kila asubuhi, kabla ya dereva wako kufika, kiwanja kimefagiwa na jiwe la chokaa limerudi mahali pake. Huyu mzee hajasoma uchumi. Amepanga bei kwa saa, kwa msimu na kwa hali ya hewa, hana deni, na hajawahi kupoteza gari. Usimfukuze. Ila kwa hali yoyote usimwalike kwenye kikao.

Wapangaji watulivu

Kila kiwanja cha serikali kinachojiheshimu kina makaburi yake. Utakuta pikapu ya Hilux iliyokaa juu ya matofali, injini ilikwenda kutengenezwa na haijarudi. Land Cruiser ya mradi uliofungwa, bado ina nembo ya wafadhili mlangoni. Pikipiki sita zilizofungwa mnyororo mmoja, majani yamepanda hadi kwenye vioo vya pembeni. Mjinga atakwambia uziuze kwa mnada. Mnada unataka tume, tume inataka posho, posho inataka mstari wa bajeti, na mwisho wake utabaki na nafasi tupu ambazo watu wataanza kuziulizia.

Gari bovu halikosi siku, haliombi mafuta, halina dereva wa kugombania kivuli. Katika miaka hii ya uhaba wa petroli, ambapo magari mazima nayo hulala siku kadhaa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, hata tofauti imepungua. Mtu akiwa barabarani hawezi kujua ni Hilux gani imekosa injini na ni ipi imekosa lita kumi.

Nakuonya pia kuhusu magari madogo. Kenya mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, aliagiza mawaziri waache magari makubwa ya mafuta mengi na kupanda Volkswagen Passat. Rwanda katika miaka hiyohiyo ya 2000 iliuza magari yake ya serikali kwa wingi na kuwaambia wakubwa wajinunulie ya kwao. Majirani hawa wana haki ya kufanya wanavyotaka kwao. Lakini fikiria Passat ikiwa imekaa kwenye nafasi yako chini ya mparachichi: inaacha ardhi wazi mbele na nyuma, na ardhi wazi ndiyo inayoleta fikra.

Ukipangiwa Muyinga

Muyinga ni mtihani wa ngazi ya juu. Burundi ilikuwa na mikoa 18 na komini 119. Sheria ya mwaka 2023 ilivunja hesabu hiyo ikabakiza mikoa 5 na komini 42, na uchaguzi wa 2025 ukafanyika kwa ramani mpya. Gitega ikanenepa, ikaongezewa Karuzi na majirani wengine. Muyinga ikatiwa pamoja na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa wa Buhumuza, na makao ya mkoa yakapelekwa Cankuzo. Cankuzo, Shefu! Mji mtulivu ambao mtu wa Muyinga alizoea kuutaja akimaanisha mbali.

Gavana anaweza kuondoka na bendera, mafaili na dereva. Ukuta, geti na kiwanja hubaki. Kwa hiyo yawezekana ukajikuta umerithi uwanja uliopimwa kwa ajili ya mkoa mzima, na wewe mwenyewe una gari moja na baiskeli ya karani.

Hatari yake uione. Muyinga iko kwenye njia ya malori yanayoingia kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kobero, yakiendelea kuelekea Ngozi na Kayanza. Pale pale inaunganika barabara ya Karuzi inayoshuka hadi Gitega. Malori yanalala kando ya lami, tandiboi amejikunja chini ya turubai, matairi ya nyuma yako ndani ya mtaro na ya mbele kwenye njia ya watoto wa shule. Mafuta yanayovuka kutoka Tanzania kwa bidoni yanauzwa kwa chupa pembeni ya barabara hiyohiyo, mita chache kutoka kwenye jiko la mkaa la muuza mishikaki. Kule Kartie Swahili, jioni watu wametoka, chai ya tangawizi inachemka, benchi limewekwa nusu kwenye kibaraza nusu barabarani, na kila taa za lori zinapopita wanakunja miguu. Na nyuma ya ukuta, uwanja wako mpana, umefagiwa, una jiwe moja la chokaa katikati.

Watu watauona. Cha kufanya ni kuhakikisha wanauona una mwenyewe. Umuzamu aendelee kupiga saluti hata kwa gari lisilokuwepo. Kibao cha mkoa usikiondoe. Kipakwe rangi upya. Mtu akiuliza mpango wa eneo hili ni nini, jibu kwamba kuna tume. Usiseme tume ya nini.

Niweke kejeli pembeni kwa aya moja, kisha nitairudia. Wiki ina saa 168, na ofisi inafanya kazi takriban 40 kati ya hizo. Zile 128 nyingine, kiwanja kilichojengwa kwa kodi ya muuza mishikaki kinalindwa dhidi ya muuza mishikaki. Muyinga inaweza kuingiza malori usiku na kuyatoa alfajiri, kwa ada inayolipwa kwenye akaunti ya komini benki na risiti kuonyeshwa getini. Inaweza kuwapa abanyonzi na wenye pikipiki kona moja mchana. Inaweza kuruhusu meza za soko siku ya gulio, kwa sababu katika zile mita 25 za mraba zinazokaliwa na Prado moja wanakaa akina mama kumi na vikapu vyao, na bado njia ya kupita inabaki. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kubomoa tofali. Gitega, ambayo haina ardhi ya kuongeza katikati ya mji, inahitaji mambo hayo hata zaidi ya Muyinga. Lakini mwongozo huu nimeahidi kumwandikia shefu, si raia, basi tuendelee.

Jihadhari na wenye mawazo

Watakuja. Wana kompyuta na ramani za rangi. Wajue mapema.

Mkubwa wao alikuwa Donald Shoup, profesa wa Los Angeles aliyefariki mwaka 2025, ambaye mwaka 2005 alitoa kitabu kinene kizima kuhusu gharama ya parkingi ya bure. Alipima mtaa mmoja wa biashara, Westwood Village, penye vipande kumi na vitano tu vya majengo, akakuta magari yanayozunguka kutafuta nafasi yanatembea kama kilomita milioni moja na nusu za ziada kwa mwaka bila kwenda popote. Dawa yake: panga bei itakayofanya kila kipande cha barabara kibaki na nafasi moja au mbili wazi, na fedha zinazopatikana zitengeneze barabara hiyohiyo, watu wazione kwa macho. Ukimwangalia vizuri utagundua ni yale yale ya umuzamu wako, isipokuwa profesa hakutaja Fanta.

Wa pili watakuletea mfano wa Nairobi, ambako ada ya maegesho ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mapato ya kaunti, au wa Tanzania, ambako TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hukusanya ushuru huo kielektroniki: mkusanyaji ananakili namba ya gari lako, nawe unalipia kwa simu, na ukijifanya umesahau deni linakungoja. Wasikilize mpaka mwisho kisha uliza swali moja: magari ya serikali nayo yatalipa? Watasita. Kikao kimekwisha.

Wa tatu ni wa Kigali. Hao walichukua barabara katikati ya mji mwaka 2015 wakaifunga kwa magari, wakawapa watembea kwa miguu, na baadaye wakaipanga upya kwa viti na bustani. Jibu: sisi tumewazidi. Machi 2022 Bujumbura iliondoa baiskeli, pikipiki na tuk-tuk katikati ya mji. Kigali waliwaondoa wenye magari, sisi tuliwaondoa wasio na magari, na kila nchi ina vipaumbele vyake.

Wa mwisho ni vijana wa San Francisco wa mwaka 2005, waliotumbukiza sarafu kwenye mita ya maegesho, wakatandika nyasi, wakaweka benchi na mti, wakakaa saa mbili kama kwenye bustani. Dunia nzima ikashangilia. Mama wa parachichi wa nje ya geti lako hufanya hivyo kila siku, bila nyasi, na hakuna aliyemwita msanii.

Maombi ya matumizi ya muda

Hata ukifuata yote niliyosema, siku moja familia itakuja kuomba kiwanja kwa ajili ya harusi. Itakuwa Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, wakati hakuna ofisi iliyo wazi wala gari la kazi linalotembea. Ukumbi uko ng'ambo ya barabara. Wageni mia tatu, magari hamsini. Kukataa moja kwa moja ni ukosefu wa malezi, na baba mzee amekuja mwenyewe, amevaa koti la suti, amevua kofia.

Mkaribishe akae. Muulize habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Kisha mweleze kwa upole kwamba hakuna tatizo lolote, aandike barua. Barua ipitie kwa shefu wa kartie, kisha zoni, kisha komini, kila mahali ikigongwa muhuri, kila muhuri ukiwa na ada yake ndogo. Iambatane na nakala ya kitambulisho, orodha ya namba za magari, na mchoro. Usieleze mchoro wa nini. Nakala ziende kwa wote wanaohusika "kwa taarifa," na wewe utaijibu ndani ya muda uliowekwa, ambao hujauweka.

Jibu la kukubali litoke Jumanne. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Ila upo uwezekano mmoja ambao mashefu wengi husahau kuupangia. Wewe ni mtu mkubwa mjini, kwa hiyo umealikwa. Kadi iko mezani kwako, jina lako limeandikwa pamoja na vyeo vyote, nafasi yako ni meza ya mbele karibu na keki. Jumamosi saa kumi alasiri gari lako linaingia kwenye ile barabara. Magari hamsini yamejipanga pande zote mbili, mengine juu ya mtaro, mengine yameegemea ukuta wako, na basi dogo la kwaya limeziba geti lako sawasawa. Ngoma zimeshaanza kulia. Dereva anapiga honi ili umuzamu afungue. Umuzamu hayupo, ni baba mdogo wa bibi harusi, na sasa hivi yuko ndani akisoma salamu za ukoo. Ufunguo wa akiba uko kwenye droo ya meza yako ofisini, nyuma ya geti.

Mwambie dereva azunguke tena. Huenda kuna mtu ataondoka mapema.